Mshale wa Katikati

Karakana ya mizani ilikuwa na watu kumi na mmoja. Kumi kati yao walimwogopa Mama Risasi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka chai ya saa nne, kisha wakamzoea. Wa kumi na moja alikuwa Mama Risasi mwenyewe, naye alijiogopa kutwa nzima.

Jina lake halikuhusiana na bunduki. Kila jiwe la mizani lina tundu kwenye kitako chake, na ndani ya tundu hilo humiminwa risasi, yale madini laini ya kijivu, ili jiwe lililochakaa na kupungua lirudi kwenye uzito wake wa haki. Kazi hiyo ya kumimina na kukwangua, kumimina na kukwangua, ilikuwa yake kwa miaka ishirini na miwili. Kilo ya sukari ikiwa kilo kweli, na dawa ya mtoto ikipimwa bila kuzidi chembe, ujue mkono wake umepita hapo. Mkono haukuwa na lawama. Tatizo lilikuwa mdomo.

"Nani ameshika jiwe hili kwa vidole?" angeuliza, na karakana nzima ingeinama. "Koleo tumeliweka pale liwe pambo? Mafuta ya vidole vyako, baba, ni uzito. Mteja hakuagiza mafuta yako!"

Alifoka hivyo mara tatu nne kwa siku, na kila alipomaliza moyo ulimshuka. Hilo hakuna aliyelijua. Alirudi kwenye benchi lake, akakwangua risasi yake, akajisema kimoyomoyo: umeanza tena, mwanamke wewe, moto wa kifuani haujakuacha.

Maneno hayo ya moto wa kifuani hayakuwa yake. Yalikuwa ya shangazi aliyemlea, Mungu amrehemu, mwanamke wa maneno machache na yote makali. Siku kinyozi mmoja mpole alipokuja kuposa, shangazi alimtazama juu mpaka chini, akamwambia mbele ya wageni wote, "Huyu mtoto ana moto kifuani. Anayemtaka aje na ndoo ya maji." Watu walicheka mbavu zikawauma. Kinyozi naye hakuwa mtu wa kupitwa na utani. Siku ya harusi alikuja na ndoo kweli, ya bati, mpya, imefungwa utepe mwekundu kwenye kishikio chake, na watu wakacheka zaidi. Bibi harusi pia alicheka. Lakini ndani yake kitu kilikaa kikaganda, na miaka ishirini na sita baadaye kilikuwa bado kipo.

Sasa msimamizi wa karakana alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kilikuwa cha mbao, na mguu mmoja mfupi ulikuwa umewekewa chini jiwe la nusu kilo lililofutiwa muhuri. Mama Risasi alikitaka kiti kile. Tusizungukezunguke: alikitaka mpaka usingizi ulikuwa unampungua. Alijua ni nani aongezewe kazi na nani aachwe apumue. Alikuwa ameshachagua hata mahali pa kuhamishia kabati la mawe mama, yale yanayolala kwenye sanduku la kitambaa laini na ambayo mawe mengine yote hupimwa kwayo, maana pale yalipokuwa jua la mchana liliyafikia.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, fundi wa mizani ndogo za dawa, ambaye wote walimwita Kimya. Salamu yake ilikuwa kuinua nyusi, na kwaheri yake kuzishusha. Katika miaka kumi na mitano hakuwahi kumkaripia mtu. Mama Risasi akimtazama aliona kila alichokosa yeye.

Meneja aliwaita wote akawaambia, "Safari hii hatuchagui kwa kujuana, wala kwa wingi wa miaka. Atakuja mtaalamu wa saikolojia awapime tabia."

"Atatupima kwa kitu gani?" Mama Risasi aliuliza.

"Kwa fomu."

"Hiyo fomu ina muhuri wa nani?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Katika kazi yake, kipimo kisicho na muhuri ni kipande cha chuma tu. Lakini ukweli ni kwamba hakuogopa fomu iwe mbovu. Aliogopa iwe sahihi.

Jioni ile alimweleza mumewe. Kinyozi alikuwa uani anakamua taulo za kazini, na ndoo ileile ya bati ilikuwa miguuni pake, bila utepe, imebonyea ubavu. Mama Risasi alikwepesha macho yake, kama alivyozoea.

"Kupima tabia si kazi ya fomu," alisema kinyozi. "Tabia ya mtu iko shingoni. Ukimgusa kwa wembe, mwongo anakaza, mwenye deni la maneno anameza mate, mwenye amani analala. Mimi nimepima nusu ya mtaa huu."

"Na shingo yangu inasemaje?"

"Yako inasema umechoka. Kaa hapo nikukande."

Alikaa akakandwa, lakini wasiwasi haukukandika.

Mtaalamu alifika Jumatatu. Walimtegemea mzee wa miwani, akaja binti wa miaka thelathini hivi, viatu vya kutembelea, mkoba umejaa karatasi. Aliwaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, na kabla hajamaliza mzunguko walikuwa wameshampa jina la Bi Fomu. Aliwagawia karatasi zenye sentensi sitini. *Napenda kukaa na watu. Nakasirika haraka. Namaliza kazi niliyoianza.* Mbele ya kila sentensi kulikuwa na visanduku vitano kwa mstari, kuanzia "sikubali kabisa" upande wa kushoto mpaka "nakubali kabisa" upande wa kulia. Aliwaambia wasiogope, hapakuwa na jibu la kupata wala la kukosa, kisha akatoka nje ili wawe huru.

Walikaa kwenye mabenchi yao wakaitazama ile mistari. Visanduku vitano, kimoja katikati, viwili huku na viwili kule. Ukiwa umefanya kazi ya mizani maisha yako yote, macho yako hayaoni visanduku, yanaona uso wa mizani. Na mizani ya haki mshale wake unakaa wapi?

"Katikati, jamani," alisema msimamizi mzee, akitia alama ya kwanza kwa kujiamini kabisa. "Mtu asije akatuona tumeegemea."

Mafundi wakatia katikati. Mtunza stoo akatia katikati. Kimya aliinua nyusi, akafikiri kidogo, akatia katikati. Walifanya hivyo kwa moyo mweupe, kwa fahari hata, kama watu wanaoonyesha nyumba iliyofagiwa.

Mama Risasi peke yake hakuwa na moyo mweupe. Alipofika kwenye *nakasirika haraka* kalamu ilijua pa kwenda, ilijua tangu siku ya posa, ikaelekea kulia yenyewe. Akaizuia. Akatazama huku na huku, akaona wenzake wote wako katikati, akashusha pumzi ya mtu aliyeona mlango wa nyuma uko wazi. Akajipenyeza humo.

Asubuhi ya pili meneja aliingia karakana bila kusalimia.

"Mnanicheka?" alisema. "Watu kumi na mmoja, sentensi sitini, hakuna hata alama moja iliyotoka katikati! Mmepanga mgomo? Kama hamtaki kupimwa semeni, nilete msimamizi kutoka nje leo hii!"

Waliduwaa. Bi Fomu alikuwa amesimama nyuma ya meneja na rundo la fomu kifuani, na uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyepika chakula kikarudishwa hakijaguswa. Sura ile ndiyo iliyomgusa Mama Risasi.

"Mgomo wa nini?" alifoka. Ndiyo, alifoka, hata kwa meneja. "Watu hawa wamekupa heshima yao yote na wewe unasema mgomo! Njoo hapa, mwanangu." Alimshika Bi Fomu mkono akampeleka mbele ya mizani kubwa ya sahani mbili. "Unaona mshale? Uko wapi?"

"Katikati."

"Ukiwa katikati maana yake nini?"

"Maana yake... pande zote ziko sawa?"

"Maana yake hakuna anayeibiwa. Ndicho tunachokijua sisi. Umetuletea mshale, tumeuweka mahali pa haki."

Bi Fomu alitazama mizani, akatazama fomu, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kreti. Meneja naye, baada ya kuhakikisha hachekwi yeye, akacheka kidogo, akarudi ofisini kwake.

"Mama," Bi Fomu alisema akifuta macho, "umenifundisha kitu ambacho sikufundishwa chuoni. Lakini na mimi nikwambie cha kwangu. Sahani zikiwa tupu, huo mshale unakaa wapi?"

Mama Risasi alizitazama sahani. "Katikati."

"Basi. Kwenye mizani yangu, mkiniwekea katikati kote, sijui kama mna haki au hamjaweka kitu."

Karakana nzima ilikubali kwamba hilo limekaa sawa. Na kwa kuwa ilikuwa saa nne, walimpa kikombe cha chai na kipande cha mkate, wakamzunguka. Walitaka kujua mambo yake. Mtunza stoo akauliza swali lililokuwa kwenye ulimi wa kila mmoja: tabia ya mtu inatoka wapi?

"Hapo wataalamu wenyewe hawapatani," alisema Bi Fomu. "Wa kale kabisa walisema ni majimaji ya mwili. Damu ikizidi mtu mchangamfu, nyongo ikizidi mtu mkali."

"Si ndiyo?" alisema msimamizi mzee, ambaye elimu yake ya tiba ilikomea hapo.

"Waliamini hivyo karne nyingi, Mzee. Wakaja wengine wakasema tabia imezikwa utotoni. Kuna mambo mtu ameyasahau, ila yenyewe hayajamsahau, yanamsukuma kwa chini. Hao wanaweza kukuonyesha doa la wino wakuulize unaona nini ndani yake." Alidondosha wino kwenye karatasi, akaikunja, akaikunjua, akamwonyesha Mama Risasi. "Kwa mfano wewe, Mama, unaona nini?"

"Naona mtu hajafuta grisi."

Chai ilimpalia mtunza stoo. Kimya alitikisika mabega, na kwake hicho ndicho kicheko.

Bi Fomu aliendelea. Kuna wanaosema tabia ni mazoea tu: ukisifiwa kwa jambo unalirudia, ukiadhibiwa unaliacha, na mtu yuleyule anaweza kuwa simba kazini na kondoo nyumbani. Kuna wanaosema kila mtu ana kitu kizuri ambacho anakua akikielekea, mradi apate watu wanaomkubali jinsi alivyo. Na kuna hawa wenye fomu. Hao walikusanya maneno yote ambayo watu huyatumia kusemana, mpole, mchoyo, mcheshi, mvivu, maelfu ya maneno, wakachambua yapi yanakwenda pamoja. Wakakuta yanajikusanya kwenye mafungu makubwa matano.

"Kwa hiyo wametumia umbea!" alisema msimamizi mzee kwa furaha.

"Ndiyo, Mzee. Umbea uliopangwa vizuri."

Mama Risasi hakucheka na wenzake. Alikuwa amebaki nyuma, kwenye lile la utotoni. "Hayo yaliyozikwa," aliuliza, akijifanya anachovya mkate, "yanaweza kufukuliwa?"

"Wengine wanasema ndiyo. Lakini kwanza mtu ajue kwamba yapo."

Walipewa fomu mpya. Safari hii Bi Fomu alieleza mambo mawili zaidi. Baada ya wiki mbili wangejaza tena, ili aone kama kipimo chake kinasema vilevile mara ya pili. Mama Risasi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Jiwe linalosema kilo leo na kesho linasema vingine ni la kutupa. Na jambo la pili, kila mtu angejaziwa fomu na wenzake watatu bila kutia jina, ikaingia kwenye bahasha na kufungwa. Hapo Mama Risasi hakutikisa kichwa. Wenzake watatu! Alihesabu aliowafokea wiki ile pekee, wakazidi watatu.

Alikwenda na fomu yake benchini. Sentensi ya nane ilisema: *Sijawahi kumkasirikia mtu hata mara moja.* Aliisoma mara mbili, akainua kichwa.

"Bi mdogo! Hii namba nane umetega."

Bi Fomu akashtuka. "Kwa nini unasema hivyo?"

"Sisi tukienda kukagua duka, tunachukua jiwe tunalolijua ni pungufu, tunaliweka kwenye mizani ya mwenye duka. Mizani ikilisifu, tumemkamata. Hakuna mwanadamu ambaye hajawahi kukasirika. Atakayekubali hapa, umemkamata."

Bi Fomu alitabasamu, na kutabasamu kule kulikuwa jibu.

Basi Mama Risasi akabaki na kalamu. Angeweza kuitegua namba nane na bado akapunguza kidogo kidogo kwenye zile nyingine. Mikononi mwake yalikuwa yamepita mamia ya mawe ya wafanyabiashara, yanang'aa kwa nje, ndani yametobolewa yakajazwa gundi, na kila alipolikuta moja alilitupa kwenye pipa la chuma chakavu kwa kishindo ili wote wasikie. Alikifikiria kiti. Akalifikiria pipa. *Nakasirika haraka*: akatia alama kulia kabisa, kwa nguvu, karatasi ikatoboka. *Watu huniona mpole*: kushoto kabisa. *Namfikiria mwenzangu kabla sijasema*: kushoto. Alipomaliza aliitazama fomu yake akaona ni picha ya mtu asiyefaa kusimamia hata kuku. Akaikabidhi. Kiti kimekwenda, alijiambia, lakini jiwe ni zima. Na ajabu, siku ile alipiga kazi kwa wepesi.

Wiki mbili zikapita. Wakajaza tena. Yake ikasema yaleyale, tundu la kalamu pia likiwa karibu mahali palepale.

Ijumaa iliyofuata Bi Fomu aliwaita mmoja mmoja kwenye chumba cha msimamizi. Mama Risasi aliingia amevua aproni, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama anaingia kuona mgonjwa. Bi Fomu alikataa kukikalia kile kiti cha mbao. Alikaa kwenye stuli na mbele yake kulikuwa na karatasi mbili.

"Hii ni wewe ulivyojipima," alisema. "Bidii na uangalifu, juu kabisa. Udadisi, juu. Upole umejipa moja na nusu kati ya tano. Hasira umejipa tano kamili."

"Ndivyo nilivyo."

"Na hii ni wenzako watatu walivyokupima. Bidii na uangalifu, vilevile. Lakini upole wamekupa nne. Hasira, mbili."

"Wamekosea."

"Wote watatu?"

"Wameniogopa."

"Hawakutia majina, Mama. Na bahasha nilifungua mimi."

"Basi hawakuisoma vizuri! Mbili? Mimi? Wamekwenda wapi wakati nafoka, wametoka nje?" Alikuwa amesimama tayari, sauti imepanda, kidole kiko hewani. Nje ya mlango karakana ilinyamaza. "Hasira mbili ni za mtu aliyelala! Irudishe hiyo fomu waijaze upya!"

Bi Fomu alisubiri mpaka kidole kikashuka.

"Mama, wewe ndiye fundi, nakuuliza swali la kazi. Jiwe ni moja. Mizani tatu zinasema uzito mmoja, zimekaa sehemu tatu tofauti, hazijasemezana. Ya nne inasema uzito mwingine kabisa, mara ya kwanza na ya pili. Utaipeleka ipi benchi ikarekebishwe?"

Jibu lilikuwa jepesi, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelijibu. Mama Risasi aliketi. Alikaa bila kuangalia, akajikuta amekalia kiti cha mbao.

"Ya nne," alisema polepole.

"Kuna mmoja kati ya hao watatu," Bi Fomu alisema, "ambaye ameandika chini ya fomu, pale panaposema maelezo mengine. Watu huwa wanapaacha wazi. Yeye ameandika mpaka nyuma ya karatasi, na ameomba usomewe. Nikusomee?"

Hakungoja ruhusa. Akasoma:

"*Mwaka wangu wa kwanza niliharibu seti nzima ya mawe ya duka la dawa. Mama Risasi alifoka mpaka nikatamani sakafu inimeze. Halafu alikaa na mimi siku tatu, tukayatengeneza jiwe kwa jiwe, tukagawana chakula chake. Tangu siku hiyo hajalitaja, kwangu wala kwa mtu. Mke wangu alipolazwa alinifanyia zamu zangu akaniambia nisimshukuru, nimpe koleo. Zile kelele zake zote ni za jiwe. Mtu hamgusi. Mimi watu wananisifu kwa kunyamaza, lakini nanyamaza kwa sababu naogopa watu. Kusimamia sitaweza na sitaki. Tafadhali asomewe haya. Mimi sitaweza kumwambia.*"

Hapakuwa na jina. Lakini katika karakana ile palikuwa na mtu mmoja tu aliyeandika herufi ndogo zilizonyooka namna ile, herufi za vibandiko vya mizani za dawa, na Mama Risasi aliziona kutoka upande wa pili wa meza. Machozi yalimtoka bila hodi. Alijifuta kwa kiganja, akajikaripia, yakatoka tena.

"Fomu haichagui mtu, Mama. Meneja amesoma, amepita kuuliza, ameamua mwenyewe," alisema Bi Fomu. "Barua yako iko kwake. Hicho kiti ulichokalia ni chako kuanzia tarehe moja. Ila niulize kitu kimoja, si cha kazi. Hilo jiwe unalojipimia wewe, nani alikupa?"

Mama Risasi alifikiri. Alimwona shangazi mlangoni, mikono kiunoni, na wageni wamekaa wanacheka. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimsomesha, alimvisha, na siku ile labda alitaka tu kuchekesha wageni. Lakini neno lilitoka likiwa zito kuliko alivyokusudia, na binti akalipokea kama jiwe mama, akaliweka kwenye sanduku la kitambaa laini, asilipime tena.

"Marehemu shangazi yangu," alisema. "Halikuwa na muhuri."

Alipotoka, mafundi wote walikuwa wameinamia kazi kwa bidii ya watu waliokuwa wanasikiliza mlangoni. Mama Risasi alikwenda moja kwa moja mpaka benchi la Kimya, akasimama, mikono kiunoni.

"Wewe! Nani kakwambia mimi mpole?"

Kimya aliinua nyusi. Zilikaa juu muda mrefu kuliko salamu ya kawaida, na macho chini yake yalikuwa na maji. Mama Risasi akatazama mezani, akaona jiwe la gramu hamsini limelala wazi, na karibu yake alama ya kidole.

"Na nani ameshika jiwe hili kwa vidole!" alifoka, na karakana nzima ikaangua kicheko, naye akacheka nao, na kwa mara ya kwanza baada ya kufoka moyo wake haukushuka.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Kinyozi alikuwa uani na taulo zake. Mama Risasi alimpa habari ya kiti, na mume alipiga kigelegele kibaya kabisa cha kiume, majirani wakachungulia. Kisha mke akakaa kwenye ngazi, akaitazama ndoo. Hakukwepesha macho. Ilikuwa ndoo ya bati, imebonyea ubavu, imejaa povu.

"Nikuulize," alisema. "Hii ndoo uliyokuja nayo harusini. Umewahi kuitumia?"

"Kila siku. Huoni?"

"Si kwa taulo. Kwa ule moto."

Kinyozi aliacha kukamua. Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri mteja akimwuliza anyoe au aache.

"Mwaka wa kwanza niliiweka karibu na mlango," alisema. "Nilisubiri kweli, shangazi yako alinitisha. Nikasubiri, nikasubiri, huo moto sikuuona. Nikasema ndoo nzuri kama hii isikae bure, nikaanza kufulia taulo."

"Miaka ishirini na sita, hukuniambia!"

"Hukuniuliza."

Mama Risasi alitaka kumfokea, na alikuwa na haki. Badala yake aliinuka, akashika ncha ya pili ya taulo, akasokota upande wake na mume akasokota upande wake, maji yakarudi ndooni.